Kofia Ambayo Clem Sneath Hakuivaa

Clement Sneath alikuwa mlinzi wa pampu. Katika nchi ile tambarare, ambako mashamba ya viazi yako chini kuliko mto, pampu ikinyamaza watu huamka na kukuta viatu vyao vinaelea. Kazi ya Clem ilikuwa kukaa, kusikiliza, na kutokuwa na haraka. Alikaa katika kibanda cha matofali kando ya mtaro mkuu, akapima kina cha maji, akatia mashine mafuta, akanywa chai yake na kusikiliza tena. Na gongo la kriketi alilishika vivyo hivyo, kama mtu aliyewekwa kuzuia maji yasipite.

"Yule si mchezaji," watu wa kijijini walikuwa wakisema, na walisema kwa upendo. "Yule ni lango la mtaro."

Kaunti yake ilikuwa miongoni mwa zile ndogo. Kaunti kubwa zilikuwa na wachezaji wa mshahara na picha magazetini. Kaunti ndogo zilichezewa na mwalimu, muuza nyama, dereva wa lori na wakulima wawili watatu. Mechi zao zilikuwa za siku mbili, katikati ya juma, wakati watu wengine wote wako kazini, kwa hiyo aliyetaka kucheza aliomba likizo. Bodi ya mitaro ilimpa Clem likizo ya majuma mawili kwa mwaka, na kila mwaka likizo hiyo iliishia kwenye nyasi za viwanja vya watu, kipande hapa na kipande kule, kama mkate mmoja katika nyumba yenye watoto wengi.

Aliyeula upande mkavu wa mkate huo alikuwa Muriel, mkewe.

Muriel hakutaka makubwa. Alitaka juma moja katika nyumba ya wageni kando ya bahari. Na bahari yenyewe haikuwa mbali. Upepo ukivuma kutoka mashariki, nguo alizoanika zilinuka chumvi. Lakini kwenda asubuhi na kurudi jioni hakukuhesabu kuwa ni kwenda.

"Nataka niamke," alisema, "nikute mtu mwingine amekaanga yai. Basi. Hilo tu."

"Bahari iko pale pale, mke wangu. Haikimbii."

"Kweli, haikimbii. Mimi ndiye nitakayekimbia."

Kisha alikata mkate, akapaka siagi, akapanga matango, kwa sababu mechi ilikuwa kesho na wachezaji ishirini na wawili walipaswa kula. Siku hizo chai ya mechi ilikuwa chai. Kulikuwa na keki ya matunda na nyama baridi, na birika lililohitaji watu wawili kulibeba. Leo wanakula vitu vya kwenye karatasi, kila mtu peke yake garini mwake, na hakuna anayejua mpinzani wake anapenda sukari kiasi gani.

Kriketi ya kaunti Clem alifundishwa na mzee Leggate, mkulima wa viazi mwenye shingo nyekundu ambaye siku hizo alikuwa nahodha. Katika mechi yake ya kwanza Clem aliuparuza mpira kwa ukingo wa gongo, mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya vijiti anavyolinda mpigaji akaudaka kabla haujagusa chini, wapinzani wakapiga kelele ya kumtaka mwamuzi aamue, "Vipi hapo?" na Clem akageuka kumtazama mwamuzi. Mwamuzi akainua kidole: mpira uliogusa gongo ukidakwa hivyo, mpigaji ametoka. Clem akatoka. Leggate alikuwa akimngoja kwenye ngazi za banda la wachezaji.

"Uligusa?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulijua umegusa?"

"Nilijua, bwana."

"Sasa mwamuzi ulimtazamia nini? Ulikuwa na swali?"

Clem aligeuza gongo mkononi.

"Ukigusa, ondoka," Leggate alimwambia. "Usimngoje mtu akufukuze kama mbuzi kwenye bustani. Haya, kale keki."

Hapakuwa na somo jingine. Tangu siku hiyo Clem akigusa na mpira ukadakwa, aliweka gongo kwapani na kwenda zake kabla wapinzani hawajafungua midomo. Wachezaji wengi wa wakati ule walifanya hivyo, tena hawakuona kama wamefanya jambo. Lakini wengine walikuwa na siku zao. Ukungu ukiingia, au timu ikiwa pabaya, masikio yao yaliziba kidogo. Ya Clem hayakuziba kamwe.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha. Waamuzi wa viwanja vile waliacha kuutazama mpira Clem alipokuwa akicheza. Zikipigwa kelele, walimtazama yeye. Akiwa anakwenda, ametoka. Akiwa amesimama, hajagusa, na mrushaji arudi akarushe mwingine. Aliyezoea hivyo kuliko wote alikuwa Wilf Dowse, kinyozi wa mjini, mtu mnene mwenye sauti laini aliyeweka vijiwe sita mfukoni vya kuhesabia mipira.

"Wewe ukistaafu, nami nastaafu," Dowse alimwambia siku moja akimnyoa. "Wengine hawa wananichosha. Inabidi niwe macho."

Kitu kimoja tu Clem hakuwa nacho: kofia. Kaunti ilikuwa na kofia yake ya kijani kibichi, yenye korongo wa uzi wa fedha mbele. Haikuuzwa dukani. Nahodha alimvalisha mchezaji uwanjani, mbele ya watu, kamati ikisharidhia. Vijana waliokuja nyuma ya Clem walivalishwa. Yeye aliendelea kucheza na kofia ya kitambaa cheupe aliyoshonewa na Muriel, ambayo ilioshwa mpaka ikawa na rangi ya maziwa yaliyolala. Kamati haikuwa na ubaya naye. Walisema tu kwamba anacheza polepole mno, na kwamba mara mbili amechelewesha chakula cha mchana.

Hakulalamika. Ila Muriel alimkuta siku moja mbele ya kioo, amejifunika kichwani kitambaa cha kijani cha kufutia vyombo. Alirudi jikoni kwa kunyata.

Mwaka ambao Clem alikuwa anakaribia arobaini, na goti lake la kushoto likiwa limeanza kutabiri mvua, mambo matatu yalikuja pamoja. La kwanza, mzee Leggate alifanywa rais wa kriketi ya kaunti. La pili, kaunti iliingia katika kombe la mtoano, na kura ikaiangushia kaunti kubwa ya kusini, mechi ya siku moja, Jumamosi, kwenye uwanja wa nyumbani. Haikupata kutokea kwamba kaunti ile ndogo imeifunga kaunti kubwa. La tatu, Muriel alikuwa amekwisha kulipia chumba. Juma zima la bahari, kuanzia jioni ya Jumamosi hiyohiyo.

"Yanakaa vizuri," Clem alisema. "Mechi asubuhi, basi jioni."

"Mvua ikinyesha?"

"Haitanyesha."

"Goti linasemaje?"

Goti lilikuwa linasema mengi, lakini Clem hakulitangaza.

Jumamosi ilinyesha mvua ya kuzamisha bata. Mechi ikasogezwa Jumatatu, na katika lile juma la bahari zikapotea siku mbili zilizokwisha lipiwa. Clem aliingia jikoni amevua kofia kama mtu anayekwenda msibani. Muriel alikuwa ameketi juu ya sanduku la safari, amekwisha vaa koti.

"Usiseme kitu," alisema. "Jumatatu nakuja na sanduku langu. Nitakaa kando ya uwanja, na mechi ikiisha tunapanda basi la saa kumi na mbili. Ukishinda tunapanda, ukishindwa tunapanda. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na mwaka kesho, hata malkia akikuita ukacheze uani kwake, hapana."

Jumatatu palikucha na jua. Leggate alimvuta Clem kando karibu na gari lake lililojaa udongo wa viazi.

"Kofia imo humu nyuma," alisema kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu. "Kamati imekubali. Nimezungumza na nahodha. Tukiwafunga hawa, anakuvalisha palepale katikati."

"Na tusipowafunga, bwana?"

"Ah. Yule nahodha kijana amesema ushindi kwanza. Unamjua alivyo."

Nahodha siku hizo alikuwa Rodney Aldous, muuza nyumba, mtu wa viatu safi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja na wakati wake, wakati ambapo watu walianza kusema kushinda ndiyo kazi na mengine ni mapambo. Clem alimheshimu kwa sababu ni nahodha. Aldous alimwita Sneath, bila jina la kwanza, na alikuwa ameshawadokeza wenzake kwamba mwakani atahitaji miguu michanga.

Wageni walipiga kwanza, nao hawakupiga vizuri. Nyasi zilikuwa bado na unyevu, na Barry Pask, dereva wa lori aliyekuwa mrushaji wa kasi wa kaunti, alirusha kama mtu anayeidai dunia. Mchana, watu wa kaunti ndogo walipohesabu mikimbio, pointi za mchezo huo, waliyohitaji, walitazamana. Ilikuwa ikifikika.

Clem aliingia mapema, akakaa. Wenzake wakaingia na kutoka, mmoja baada ya mwingine, naye amekaa. Alizuia mipira, mingine akaiacha ipite, akausukuma mmoja kando na kukimbia kwa goti lake moja zima.

"Babu!" mrushaji mmoja wa wageni alimwita, kijana mrefu mwenye nywele za mabegani. "Umekuja kucheza au umepanga chumba?"

"Nimepanga," Clem alisema. "Ila mke wangu ndiye mwenye ufunguo."

Muriel alikuwa kule chini ya miti mirefu ya mipopla, kwenye kiti chake cha turubai cha kukunja, sanduku miguuni, anafuma. Hakuwahi kuonekana anaangalia mchezo. Lakini sindano zake zilisimama kila mpira ulipomjia mumewe, zikaendelea ulipokwisha pita.

Jua lilipoanza kulala alikuwa amebaki Pask peke yake wa kumsaidia. Pask hakujua kupiga, na alisema hivyo mwenyewe. Mikimbio minne ilitakiwa. Pigo moja zuri la kufika ukingoni mwa uwanja lingetosha. Mmoja wao akitoka, yamekwisha.

"Usifanye kitu, Barry," Clem alimwambia katikati ya uwanja. "Simama tu, uonekane mnene."

"Hilo naliweza."

"Niachie mimi."

Yule kijana wa nywele ndefu akaja mbio. Mpira ulidunda, ukakata ndani kidogo, na Clem akaufuata kwa gongo. Akaukosa, kila mtu aliona kwamba ameukosa. Ila mikononi mwake, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, Clem alisikia kitu kidogo kama ukucha unaopita juu ya karatasi. Mdakaji akauchukua nyuma ya vijiti. Mdakaji mwenyewe hakuwa na hakika. Aliinua mikono nusu, akaishusha. Mrushaji peke yake ndiye aliyepiga kelele.

"Vipi hapo?"

Mwamuzi upande ule alikuwa Wilf Dowse. Mwaka uliopita walikuwa wamempandisha kwenye mechi kubwa, na siku hiyo alirudi nyumbani amevaa koti jipya jeupe. Dowse hakuutazama mpira. Alimtazama Clem.

Na Clem akasimama.

Hakuamua kusimama. Miguu ndiyo iliyosimama. Aliiona kofia ya kijani nyuma ya gari, kwenye udongo wa viazi. Alimwona Muriel na sanduku lake, na akawaza kwamba siku mbili alizompotezea zingekuwa angalau zimenunua kitu. Alivuta pumzi moja, na pumzi hiyo ilikuwa ndefu.

"Hajatoka," alisema Dowse.

Uwanja mzima ukapumua. Dowse akaingiza mkono mfukoni, akahamisha kijiwe kimoja kutoka upande huu kwenda upande ule, uso wake umetulia kabisa, kama mtu aliyeuliza njia na kujibiwa na mwenyeji. Kijiwe hicho ndicho kilichomuumiza Clem. Dowse alikuwa amemwamini mbele ya watu wote, bila hata kufikiri, kama alivyomwamini miaka yote. Kama angekuwa ameuangalia mpira akakosea, basi. Lakini hakukosea mpira. Alikosea mtu.

Clem akaweka gongo kwapani, akaanza kutembea.

"We Clem!" Pask alipiga kelele. "Unakwenda wapi? Wilf kasema hujatoka!"

"Amekosea."

"Sasa si bahati yetu hiyo! Rudi, bwana wee!"

Dowse naye alikuwa amepiga hatua mbili mbele. "Clem, nimesema hujatoka."

"Umesema kwa sababu nilisimama, Wilf," Clem alijibu, akasimama mbele yake, akavua ile kofia nyeupe. "Niligusa. Nisamehe."

Dowse alimtazama. Kisha, polepole, akainua kidole, kwa kuwa mwamuzi lazima ainue kidole. Yule kijana wa nywele ndefu alisahau kushangilia. Alipopita Clem, alisema kwa sauti tofauti kabisa na ile ya kwanza, "Mzee, ningekuwa mimi ningebaki mpaka kesho."

"Nami nilitaka," Clem alisema.

Aldous alikuwa ngazini, pale pale alipokuwa amesimama Leggate miaka ile, uso umemwiva.

"Sneath! Una akili timamu?"

"Niligusa, nahodha."

"Nani kakuuliza? Mwamuzi keshaamua! Kazi ya kuamua ni yake, yako ni kupiga! Wenzako kumi na mmoja, kaunti nzima, unaitupa kwa sababu ya... ya adabu yako ya kanisani!"

"Kumi," mtu mmoja alisema nyuma yake. "Wenzake ni kumi." Alikuwa yule mchezaji mwalimu wa shule, hakuweza kujizuia. Aldous alibamiza mlango wa banda, kioo kikalia.

Wengi wa siku hizi wangesema Aldous alikuwa na haki. Sasa mpigaji anasimama hata gongo likikatika vipande viwili mkononi, anangoja mashine na picha zimwambie alichokisikia mwenyewe kwenye vidole vyake. Na uwanja wenyewe umejengwa nyumba, zimepewa majina ya ndege ambao hawatui tena hapo.

Leggate alimkuta Clem nyuma ya banda anafungua kamba za viatu.

"Ulisimama," mzee alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Nilikuona. Kwa kitambo gani?"

"Pumzi moja."

"Ndefu?"

"Ndefu, bwana."

Leggate alikaa juu ya rola ya kusawazishia nyasi, akatoa kitu chini ya koti lake. Ilikuwa kofia, imefungwa kwa gazeti. "Yule muuza nyumba hatakuvalisha. Shauri yake. Mimi ni rais, nakupa mwenyewe, hapahapa nyuma ya choo kama magendo. Chukua."

Clem aliipokea. Akaifungua, akampitishia korongo kidole gumba, uzi kwa uzi. Hakuna aliyeipenda kofia ile kama alivyoipenda yeye dakika hiyo. Kisha akaifunga tena katika gazeti lake, vizuri, akairudisha.

"Si leo, bwana. Leo nikiivaa, nitakuwa naivaa kwa ajili ya ile pumzi."

"Hata hivyo uliondoka, mwanangu."

"Niliondoka nimechelewa. Wewe hukunifundisha hivyo."

Mzee akaiweka kofia chini ya koti. "Basi nakutunzia," alisema. Leggate alifariki majira ya baridi yaliyofuata, vitu vyake vikapigwa mnada, na kofia ikaondoka katika sanduku moja na kamba na vijembe. Aliyeinunua alitaka vijembe.

Jioni ile Clem alivuka uwanja akiwa na mkoba wake. Muriel alikuwa amesimama chini ya mipopla, kiti kimekunjwa, kiko kwapani, sanduku liko mkononi.

"Basi la saa kumi na mbili," alisema. Wakapanda. Huko mwisho wa safari bahari ilikuwa giza tupu yenye kelele.

Asubuhi walikaa mezani karibu na dirisha. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye mikono ya unga, aliwaletea mayai. Muriel alilitazama yai lake kwa kitambo, kama mtu anayetazama picha ya mtu aliyesikia habari zake siku nyingi.

"Pole kwa kofia," alisema.

Clem alishtuka. "Ulijua habari za kofia?"

"Kitambaa changu cha vyombo kilikuwa na nywele zako."

Clem akageuka mwekundu mpaka shingoni. Alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Na jana?" aliuliza. "Ulisikia nilipogusa? Kutoka kule?"

"Nitasikiaje kutoka kule? Nilikuona bega. Bega lako likishajua, hushuka. Nikasimama, nikakunja kiti, nikashika sanduku." Alinyanyua kisu, akakiweka tena. "Halafu nikaona husogei. Nikasema, ah, yule pale ni nani?"

Clem hakuinua macho. "Ukakikunjua tena?"

"Kiti? Hapana." Muriel alivuta sahani karibu. "Nilikaa nacho mkononi. Nilijua utachelewa kidogo tu, maana goti lako bovu."

Clem alicheka, na kicheko kikamtoka vibaya, ikabidi atumie kitambaa cha mezani kufuta macho. Muriel alimwacha afute. Alikata yai, akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akitazama bahari ya asubuhi.

"Limekauka," alisema. Na akalila lote, na nusu ya la mumewe.